Maswali ya Wasomaji: Toba ya Kuni, Sabato ya Ziwa

Tuliwaomba wasomaji wa Tabora na Kigoma watuandikie kuhusu imani ya Kikristo na uharibifu wa mazingira. Barua zimezidi kurasa tulizonazo, kwa hiyo tumechagua sita na kufupisha baadhi. Majibu yameandaliwa kwa pamoja na walimu wa theolojia na wataalamu wa misitu na uvuvi. Ndiyo maana humu Mambo ya Walawi na vipimo vya kuni vimekaa ukurasa mmoja, na tunaamini ndivyo inavyotakiwa: fundisho la uumbaji ambalo halifiki kwenye bani la kukaushia tumbaku, kwenye nyavu na kwenye kisiki halijafundishwa likaisha.

Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha Shule ya Jumapili Urambo. Kijana aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu alisema mbele ya darasa kwamba Biblia ndiyo iliyoharibu dunia, kwa sababu Mwanzo 1:28 inamwamuru mtu aitiishe nchi. Nilikosa jibu. Nimjibuje?

Amina, mwalimu. Hoja hiyo kijana hakuitunga. Ilitolewa na Lynn White, mwanahistoria Mmarekani wa Zama za Kati, katika jarida la Science mwezi Machi 1967. Alisema Ukristo wa Magharibi ulimzoesha mtu kuamini kwamba kila kiumbe kipo kwa ajili ya matumizi yake, na kwamba sayansi na mashine za Ulaya zilikulia ndani ya imani hiyo. Hoja ina ukweli ndani yake, nawe ukiri mbele ya wanafunzi: aya hiyo imewahi kutumiwa kutetea ukataji wa misitu na unyang'anyi wa ardhi. Lakini mwambie pia kwamba White mwenyewe alikuwa Mkristo, na alimalizia makala yake kwa kumpendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaikolojia. Papa Yohane Paulo II alimtangaza hivyo mwaka 1979. Halafu mkumbushe Bahari ya Aral, iliyokauka baada ya mito yake kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba. Walioipanga kazi hiyo ni serikali ya Kisovieti, iliyokuwa haimtambui Mungu kabisa. Tamaa haikuhitaji Biblia pale.

Baada ya hapo fungueni Mwanzo 1, wanafunzi wasome wenyewe polepole. Aya ya 22, samaki na ndege wanabarikiwa wazae na kuongezeka kabla mtu hajaumbwa. Aya ya 28, mtu anapewa baraka ileile, pamoja na utawala. Aya ya 29 na 30, mtu anapewa mimea na matunda awe na chakula, na wanyama wanapewa majani. Mtawala huyu hana hata ruhusa ya kuchinja. Ruhusa hiyo inakuja Mwanzo 9:3, baada ya gharika. Kwa hiyo utawala ambao ungefuta baraka ya samaki ya aya ya 22 unapingana na sura yenyewe.

Utawala ni nini basi? Waulize Biblia inamsifu mfalme wa aina gani. Zaburi ya 72 inamsifu yule anayemwokoa maskini na kushuka kama mvua juu ya majani yaliyokatwa. Ezekieli 34 inawahukumu wachungaji waliotawala kwa ukali, na aya ya 18 inawataja wanaokula malisho mazuri kisha wanayakanyaga yaliyosalia, wanaokunywa maji safi kisha wanayachafua kwa miguu. Aya hiyo ichukueni mkaisomee kisimani au lamboni, mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Hapo darasa litaona lenyewe. Mwisho Mwanzo 2:15: mtu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza". Hizo ni kazi mbili, na kijana wako amefundishwa moja tu.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Katekista alituambia hiyo ni sabato ya ziwa, kama Walawi 25, tuvumilie. Kwangu tuko sita. Sabato gani hii inayolaza watoto njaa?

Milele na milele, amina. Ndugu yetu, katekista amesema kweli, ila ameisema nusu.

Walawi 25 inaagiza nchi ipumzike mwaka wa saba kwa sababu nchi ni ya Bwana, na wenyeji wake ni wageni na wapitaji mbele zake. Swali lako limo humohumo, aya ya 20: watu watauliza, tutakula nini? Mungu hawakemei kwa kuuliza. Anawajibu kwa chakula, mavuno ya mwaka wa sita yatakayowafikisha mbele. Na Kutoka 23:11 inasema nchi iachwe ili maskini wapate kula, na watakachosaza kiliwe na wanyama wa nyikani. Sabato ya Biblia ina kuacha kazi na ina kulisha. Anayehubiri la kwanza amejifunga kulitimiza la pili. Tena sheria ile ilimbana kila mwenye shamba, tajiri na maskini. Kufunga ziwa kunambana mvuvi, mchuuzi na mwanika dagaa, huku muumini mwenye mshahara akiendelea na maisha yake. Usharika au parokia inayoiita miezi hiyo sabato lazima igawane mzigo, la sivyo ni bora isilitumie jina hilo.

Ni lazima pia tuseme wazi kufunga ziwa kunatibu nini na hakutibu nini. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, lakini samaki wanaishi tabaka la juu tu, kwa sababu kwenye kina kirefu hakuna oksijeni. Rutuba ya ziwa huzama huko chini. Upepo wa kusini-mashariki, unaovuma kati ya Mei na Septemba, ndio unaoyakoroga maji na kuipandisha rutuba, mwani ukaota, vijidudu vya majini vikaula mwani, dagaa wakala vijidudu, migebuka wakala dagaa. Tafiti mbili zilizotoka mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji ya juu yamezidi kupata joto. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu bila kuchanganyika na ya chini, na mlo wote huo unapungua kuanzia kwenye mwani. Kufunga ziwa miezi mitatu hakuyapozi maji hayo. Kunakosaidia ni upande wa uvuvi uliopita kiasi: dagaa wanakua upesi na maisha yao ni mafupi, kwa hiyo wachanga wakipona msimu mmoja, idadi inaweza kurudi haraka. Migebuka wanataka muda mrefu zaidi. Na kokoro, wavu wa kukokota unaokwangua ufukweni, mahali dagaa wachanga wanapokulia, likirudi Agosti 16, faida ya miezi mitatu imekwisha ndani ya wiki chache.

Kuna dhambi mbili hapa na zisichanganywe. Kokoro na nyavu za matundu madogo ni dhambi ya mkono wetu, tuitubie. Joto la ziwa linatokana hasa na moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi ya nchi zilizotajirika kwa viwanda, na mvuvi wa Kibirizi asibebeshwe toba isiyo yake. Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', unalitaja jambo hilo waziwazi kuwa ni deni la ikolojia ambalo nchi za Kaskazini zinadaiwa na nchi za Kusini. Kanisa la Kigoma lina haki ya kulidai mbele za watu, hata pale linapofunga nyavu zake.

Sasa ghala. Watu sita, kila mmoja gramu 400 za nafaka kwa siku, kwa siku 90, ni kilo 216. Maharage gramu 60 kwa kila mtu kwa siku ni kilo 32 na kidogo. Ziwa likifunguliwa katikati ya Agosti zinabaki wiki 39 hivi hadi kufungwa tena, kwa hiyo kila kaya inahitaji kuweka thamani ya kilo tano na nusu za mahindi kwa wiki. Msiweke pesa mkasubiri Aprili. Mahindi huwa ghali karibu na mwisho wa masika na nafuu baada ya mavuno. Kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, au jumuiya ikope, inunue Julai hadi Septemba, kisha kaya zilipe kidogo kidogo kila wiki dagaa wanapopatikana. Wenye mishahara wachangie sehemu ya wajane na ya wale wasio na chombo chao.

Mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kufungwa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Yakiwa tayari tumieni mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Kamua hewa, funga mfuko wa ndani kabisa peke yake, kisha wa pili, kisha kiroba. Hewa ikikosekana, wadudu dumuzi wanakufa bila dawa. Kinachoharibu ni panya kutoboa, gunia kukaa sakafuni badala ya kwenye mbao, na watu kufungua kila wiki ili kuchungulia.

Mchungaji wetu hapa Nguruka anasema 2 Petro 3:10 imeandika kwamba dunia itateketea kwa moto. Kama itateketea, kwa nini tupoteze nguvu kuitunza?

Msomeeni kwa heshima aya ya 6 ya sura hiyohiyo. Petro anasema dunia ya kwanza iliangamia kwa maji. Lakini Nuhu alipotoka safinani alikanyaga nchi ileile, na Mungu akafanya agano naye na kila kiumbe hai kilichokuwa pamoja naye (Mwanzo 9:10). Moto wa Petro ni hukumu inayofichua na kusafisha. Aya ya 13 inangoja mbingu mpya na nchi mpya ambamo haki yakaa. Paulo naye anasema "viumbe vyenyewe navyo vitawekwa huru na kutolewa katika utumwa wa uharibifu" (Warumi 8:21). Kitu kinachowekwa huru hakifutwi. Mwili wa Yesu uliofufuka ulikuwa na alama za misumari: ni mwili uleule, umetukuzwa. Na kwenye Ufunuo 21:5 imeandikwa "nayafanya yote kuwa mapya", nayo sura ya 11:18 inataja hukumu ya wale waiharibuo nchi. Hakuna mzazi anayeacha kumtibu mtoto malaria kwa sababu mtoto huyo naye atakufa siku moja. Wala mchungaji wenu, tuna hakika, hafundishi hivyo kuhusu mwili wa mtu.

Shalom. Mimi ni mzee wa kanisa na mkulima wa tumbaku, Kaliua. Sadaka yangu, ada za watoto, vyote vinatoka kwenye tumbaku. Mhubiri mgeni alisema sisi ndio tunaoua miombo, misitu yetu ya asili, na tutubu. Nimekubali kutubu, lakini hakusema tutubu vipi. Naacha tumbaku kesho?

Shalom, mzee wetu. Kama huna zao jingine la kushika nafasi yake msimu huu, hatukuambii uiache kesho. Madhara ya tumbaku kwa mvutaji ni swali jingine, zito, nalo linastahili barua yake. Hapa tunajibu juu ya msitu.

Biblia inayo toba yenye vipimo. Hesabu 5:6-7: mtu akikosa, akiri, arudishe kamili alichokosea, na aongeze sehemu ya tano juu yake. Zakayo alivuka hapo, akarudisha mara nne (Luka 19:8). Mhubiri aliyekwambia utubu bila kukwambia urudishe nini amekuachia huzuni mikononi na hakuna pa kuipeleka. Tuanze na hesabu.

Deni lako ni lipi? Usikisie. Kabla ya kuwasha bani, panga kuni zako zote katika rundo lililonyooka, pima kwa futi kamba urefu, upana na kimo, zidisha. Andika. Bani likimaliza, pima zilizobaki, toa. Fanya hivyo kila unapopakia hadi msimu uishe. Tuseme umefikia mita za ujazo 20 za kuni zilizopangwa. Sehemu ya tano ni 4. Deni la mwaka huu ni 24. Kwa mara ya kwanza utajua unachotubia, na mwakani utajua kama kimepungua.

Kupunguza kunaanzia kwenye kuni zenyewe. Kuni mbichi inaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto wako unatumika kuchemsha maji hayo kabla joto halijafika kwenye jani. Ukaushaji wa Tabora unaangukia masika, ndiyo maana wengi hulisha kuni mbichi. Kata Juni au Julai, pasua ziwe za unene wa kigasha cha mkono, panga juu ya magogo, si juu ya udongo, na ezeka kabla ya mvua za Novemba. Kisha kagua bani. Ingia ndani saa sita mchana, mtu akufungie mlango, simama kimya mpaka macho yazoee giza. Kila mahali unapoona mwanga, joto linapotelea hapo. Ziba kwa udongo uliochanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe, pakandike mara mbili, mara ya pili baada ya nyufa za kwanza kujitokeza. Kagua mabomba ya moshi: bomba lililotoboka kwa kutu linamwaga moshi kwenye majani, linashusha daraja la tumbaku, na ndilo linalounguza mabani.

Halafu kipimajoto. Hatua ya kugeuza jani kuwa la njano inataka nyuzi 35 hadi 38 hivi, na unyevu mwingi. Kukausha jani ni kupanda polepole hadi 55 au 60. Kukausha mshipa wa katikati ni karibu 70. Kosa la kawaida ni kuwasha moto mkubwa siku ya kwanza ili kumaliza mapema: rangi ya kijani inaganda kwenye jani, bei inaanguka, na kuni zimekwenda bure. Anayekosea hapo amepoteza mara mbili, msitu na soko.

Kulipa sasa. Watu wengi wanadhani kulipa ni kupanda, lakini miombo inajirudisha yenyewe ikiruhusiwa. Mtundu, myombo na muba huchipua kutoka kwenye kisiki na mizizi. Kwenye eneo ulilokata, usingʼoe visiki. Mwaka wa kwanza chagua machipukizi matatu hadi matano yenye nguvu kwenye kila kisiki, yaliyosimama wima, ondoa mengine kwa panga kali. Mwaka wa pili bakiza mawili, pogoa matawi ya chini hadi nusu ya kimo. Adui wa kazi hii ni moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa na upepo ukivuma. Moto huo unaua machipukizi hadi chini. Fyeka njia ya kinga moto kabla Juni haijaisha.

Mninga unahitaji maneno yake. Makanisa mengi yanapenda kuupanda kwa sababu ya mbao zake, kisha wanaukatia tamaa. Mche wa mninga shina lake hufa kila kiangazi kwa miaka kadhaa ya mwanzo, huku mzizi ukinenepa chini ya ardhi. Mtu anaona umekufa, anaulima. Haujafa. Weka kijiti cha alama, zuia moto, ngoja. Ukishapata mzizi wa kutosha, shina litapanda na halitarudi chini.

Kwa kuni za bani, tenga shamba la miti inayokua upesi ili msitu wa asili upumzike. Utafiti uliofanywa Tumbi, hapo Tabora, ulijaribu mfumo wa kupokezana: akasia za Australia, mfano Acacia crassicarpa, zinapandwa pamoja na mahindi, mahindi yanalimwa katikati miaka miwili au mitatu mpaka kivuli kizidi, miti inaachwa mpaka mwaka wa tano hivi, inakatwa kuni, na mahindi yanarudi. Kwa nafasi ya mita 4 kwa 4 hekta moja inabeba miti 625. Jua tu kwamba akasia hiyo haichipui vizuri ikikatwa, kwa hiyo panga mbegu za mzunguko wa pili mapema. Mikaratusi inachipua, lakini iweke mbali na chemchemi na visima.

Deni hili si lako peke yako. Anayenunua tumbaku kwa bei isiyomwezesha mkulima kupanda mti yumo ndani yake, na AMCOS yenu, chama cha ushirika cha wakulima, inaweza kulisema hilo wakati wa mikataba: bei ya kilo iwe na gharama ya kuni ndani. Nalo kanisa lifanye toba iwe ya wote. Nchini Zimbabwe, huko Masvingo, miaka ya 1990 makanisa huru ya Kiafrika yaliungana kupanda miti, na yakaunda ibada ambamo waumini walishiriki Meza ya Bwana wakiwa na miche. Kabla ya kushiriki walikiri hadharani: nimekata bila kupanda, nimelima kando ya mto. Kwenu Kaliua ibada kama hiyo inaweza kufanyika Jumapili ya kwanza baada ya mauzo, kila mkulima akileta daftari lake la kuni. Msisome majina ya watu. Someni jumla ya usharika, ombeni msamaha kwa jumla hiyo, kisha mtamke hadharani mtaa upi utatunza visiki vya eneo gani.

Kasulu. Mama mkwe anasema msitu wa matambiko usiguswe, na mchungaji anasema kuuogopa ni upagani. Vijana wamesikia ugomvi huo, wakaingia na mashoka. Nani yuko sahihi?

Mama, mashoka ndiyo yaliyokosea. Mchungaji ana haki ya kukataza sadaka kwa mizimu. Lakini mti haukufanya tambiko, na Zaburi 104:16 inaiita miti hiyo miti ya Bwana. Makosa ya zamani, ya wamisionari na ya wenyeji waliowafuata, yalikuwa kuondoa hofu iliyolinda msitu bila kuweka sababu nyingine mahali pake. Wazee waliokataza ukataji kwenye chemchemi walilinda maji ya kijiji kizima, nao washukuriwe kwa hilo. Mchungaji na mama mkwe waende pamoja kwa serikali ya kijiji, msitu uingizwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi kama hifadhi ya kijiji, na sheria ndogo iandikwe pamoja na faini yake. Mchungaji atahubiri Zaburi 104, mama mkwe atawaonyesha mipaka anayoijua kwa macho, na vijana wapewe kazi ya doria.

Umoja wa vijana wa kanisa, Uyui. Tulipanda miche mingi Siku ya Mazingira, 5 Juni, askofu akawepo, kwaya ikaimba. Kufika Oktoba karibu yote imekufa. Tumevunjika moyo. Shetani, au sisi?

Vijana, ni kalenda. Tarehe 5 Juni ni siku ya dunia nzima, na dunia nzima haina mvua za Tabora. Mvua zenu zinaanza Novemba na kukoma Aprili. Mche uliopandwa Juni unakaa miezi mitano bila tone la mvua, mizizi ikiwa haijavuka shimo. Hata ungemwagiliwa kila Jumapili usingefika.

Kipindi cha Uumbaji kina shida hiyohiyo. Kinaanza 1 Septemba, siku ambayo Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli aliitenga mwaka 1989 kuombea uumbaji, na kinaisha 4 Oktoba, sikukuu ya Fransisko wa Asizi. Makanisa mengi ya dunia yanakiadhimisha na nasi tunakipenda, lakini kwenu ni kilele cha kiangazi. Basi kiwe kipindi cha kuandaa. Kupanda kuwe Majilio, Desemba, watu wakiwa wanangoja kuzaliwa kwa Bwana na udongo ukiwa umelowa.

Kitalu kianze Julai hadi Agosti, kwa kuwa miti mingi inataka miezi mitatu hadi mitano kufikia kimo cha sentimita 30. Udongo wa viriba, mifuko ya kuoteshea miche: ndoo tatu za udongo wa juu wa msituni, moja ya samadi iliyooza kabisa, moja ya mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Inua viriba mara moja kila wiki mbili mkate mizizi iliyotoboka chini. Wiki nne kabla ya kupanda punguzeni maji na ondoeni kivuli hatua kwa hatua. Mche uliodekezwa hadi siku ya mwisho unanyauka siku ya kwanza shambani.

Mashimo ya sentimita 45 kila upande yachimbwe Oktoba, udongo wa juu uwekwe kulia na wa chini kushoto. Msipande mvua ya kwanza. Subirini mpaka ukichimba sentimita 30 bado udongo una unyevu. Kiriba kichanwe na kitolewe chote. Hili linaua miche mingi kimyakimya: watu wana haraka, askofu anasubiri, kiriba kinaingia shimoni na mche wake, mizizi inajizungusha humo, na mti unakufa mwaka wa pili bila mtu kujua kwa nini. Udongo wa juu ndio urudi kwanza kuzunguka mizizi. Palilieni duara la mita moja Januari na tena Machi. Zungushieni miiba kwa sababu ya mbuzi. Mwezi Mei, kabla nyasi hazijakauka, fyekeni kinga moto ya mita tano kuzunguka eneo lote.

Na mwaka huu idadi ishuke. Familia moja ya jumuiya miche kumi, kila mche na jina la mtu anayeuwajibikia, badala ya mamia yasiyo ya mtu. Takwimu mtakayompelekea askofu isiwe ya siku ya kupanda. Hesabuni mwisho wa Oktoba, mche mmoja mmoja, ulio hai na uliokufa, na kando ya kila uliokufa andikeni sababu: mbuzi, moto, mchwa, ukame, kiriba. Ikipona miche chini ya 70 kwa kila 100, msichimbe mashimo mapya Desemba hiyo. Jazeni kwanza yaliyobaki wazi, na shughulikieni sababu iliyoandikwa mara nyingi zaidi.